Mfupa wa Saba wa Kavira

Vijana wa idara yetu ya radio, yaani picha za eksirei, walinipa daftari hili siku niliyostaafu na kurudisha funguo. Kwenye ukurasa wa kwanza waliandika, "Papa Kakule, tuandikie," bila kusema niandike nini. Limekaa mezani kwangu wiki tatu. Kila asubuhi mke wangu analiondoa ili apange vikombe, na kila jioni mimi nalirudisha. Leo nimeona nianze, kabla halijawekwa mahali ambapo mimi mwenyewe sitalipata.

Habari za vyeo nitaziruka. Nilipata viwili, na mara zote mbili waliokuja kuniambia walinikuta ndani ya chumba cha giza, wakangoja mlangoni kama watu wengine. Nyinyi mnaotazama mifupa kwenye kompyuta hamkukijua chumba kile. Zamani zetu radio ya mgonjwa ilitoka kwenye klishe, ile karatasi laini ya plastiki, na klishe ilioshwa kwa dawa gizani, beseni baada ya beseni. Ukifungua mlango mapema, mgonjwa amepoteza radio yake na wewe umepoteza klishe.

Nilianza kazi katika hospitali ya misheni hapa Butembo kabla ya vita. Aliyenifundisha ni Papa Katembo, mtu mfupi, asiyependa maneno mengi, mwenye vidole vilivyogeuka manjano kwa dawa. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe nikitegemea kuonyeshwa mashine. Yeye aliniingiza chumba cha giza, akafunga mlango, akaniambia nitafute kwa mikono beseni la kwanza, beseni la pili, maji, koleo na saa.

"Macho utatumika nayo inje," alisema. "Humu ndani ni mikono njo inaona."

Nilimwaga beseni moja kwenye shati jeupe. Doa halikutoka kamwe, na shati likawa la kazi tangu siku hiyo.

Juma la pili alinifundisha shingo. Shingo ya mtu ina mifupa saba. Mitano ya juu inaonekana bila taabu, lakini ule wa saba hujificha nyuma ya mabega, na ukipiga picha ya ubavuni, mabega yanaweka weupe mtupu mahali pake. Basi Papa Katembo alikuwa na mifuko miwili ya mchanga, iliyoshonwa na mke wake kwa kitambaa cha hema. Mgonjwa anashika mmoja kila mkono, uzito unavuta mabega chini, mfupa wa saba unatoka.

"Hesabu kila mara," aliniambia. "Ukiona sita, hauyapiga shingo. Umepiga kipande ya shingo."

Nilihesabu miaka mingi bila kukosa.

Kisha vita vikaja. Vya kwanza vilipita, vya pili vikakaa. Barabara zilifungwa na kufunguliwa kufuatana na nani alikuwa na bunduki juma lile. Klishe zetu zilikuja kwa njia ya Kasindi ndani ya katoni za wafanyabiashara, katikati ya blanketi na chupa za chai, na zilipokuja chache tulizikata kwa mkasi gizani, nusu kwa mkono, nusu kwa shingo. Mazuti, yaani dizeli ya grupe, mashine yetu ya umeme, tuliyapima kwa kijiti. Papa Katembo alikuwa amekwisha kustaafu, macho yake yameingia ukungu, lakini kila Alhamisi alikuja kukaa kwenye benchi letu. Alisema nyumbani hakuna harufu ya dawa.

Ni katika miaka hiyo Kavira alipoletwa.

Alitoka upande wa Vuhovi, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mkulima, mama wa mtoto mmoja. Alikuja na mama mkwe wake, mjane mwembamba aitwaye Mama Kanyere, aliyekuwa amebeba chakula, mkeka na mtoto, vyote pamoja. Mume wa Kavira alikuwa amekwenda kufanya biashara kwenye vijiji vya msituni, na barabara ikafungwa nyuma yake. Hawakuwa na habari zake.

"Unaumwa fasi gani?" nilimwuliza.

"Kwa shingo, muganga. Na huu mukono wa kuume. Jembe inaniponyoka. Ninaishika, ninaona ninaishika, kisha iko chini."

Mnajua wanawake wetu wanavyobeba mizigo: kapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na shingo ndiyo inayovuta kila kitu. Kila shingo iliyouma tulisema ni mzigo. Nami nilisema hivyo hivyo moyoni kabla sijawasha mashine.

Nilimpa mifuko ya mchanga. Wa kushoto aliushika. Wa kulia ulianguka. Nilimpa tena, ukaanguka tena, safari hii juu ya mguu wangu. Nje walikuwa wakingoja watu wawili wenye majeraha ya risasi, na kijiti cha mazuti kilikuwa kimetoka karibu kikavu. Niliondoa mifuko yote miwili, nikapiga.

Kwenye klishe ile ya nusu niliona mifupa mitano na kipande cha wa sita. Chini yake ni weupe wa bega. Nilijua kilichokosekana. Niliandika kwenye karatasi: "Mgonjwa hakushika mifuko. Hakuna kilichovunjika." Daktari alisoma, akampa vidonge vya maumivu na kumwambia asibebe mizigo. Mwambie mwanamke wa Vuhovi asibebe mizigo, halafu umwulize nyumbani watakula nini.

Alirudi baada ya miezi minne. Safari hii hakutembea. Majirani wanne walimleta kwa kipoyi, kiti kilichofungwa kwenye miti miwili. Miguu ilikuwa imekaza kama mbao, na akisimamishwa ilitetemeka yenyewe bila yeye kutaka. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja. Mama Kanyere alitembea kando ya kipoyi, na juu ya jicho lake la kushoto palikuwa na kidonda kilichoanza kukauka.

Sikuuliza habari ya kidonda. Wanawake wa wodi ndio walionieleza. Kaka za Kavira walikuwa wamefika Vuhovi, wakamkuta dada yao hawezi kusimama, mume hayupo, na aliyekuwa akimpikia ni mama mkwe. Wakasema amelishwa sumu. Mmoja wao alirusha jiwe. Walimkataza yule mama asimpe tena Kavira chakula, kisha wakarudi makwao, na hakuna hata mmoja aliyebaki kumpikia.

Saa sita mchana nilipita wodini nikamwona Mama Kanyere ameketi kando ya kitanda na sahani ya uji. Alichota kijiko, akala yeye mwenyewe, akangoja, akiwatazama wanawake wa vitanda vingine mmoja mmoja. Ndipo akachota kijiko cha pili na kumlisha Kavira. Akala tena. Akangoja tena. Sahani ile ilichukua karibu saa nzima.

"Mama, juu ya nini unaonja vile?" nilimwuliza.

"Ili bakikuya kuuliza, hawa bamama baseme bameona."

Kavira aligeuza uso kwenye ukuta. "Mimi sikusema hata siku moja ni yeye," alisema polepole. "Muganga, muwaambie. Mimi sikusema."

"Kula," Mama Kanyere akamwambia. "Maneno haishibishe."

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Papa Katembo alikuwa benchini. Nilimweleza habari za mgonjwa, akaniambia nilete klishe ya kwanza na kuishika mbele ya dirisha. Yeye hakuweza tena kuona mistari myembamba, kwa hiyo alitega sikio.

"Hesabu."

"Moja, mbili, tatu, ine, tano."

"Endelea."

"Papa, ni tano na kipande."

Aliipapasa klishe kwa kidole. Kisha akauliza, "Mufuko ilianguka?"

"Ndiyo."

"Ya mukono gani?"

"Wa kuume. Niliandika hakushika mifuko."

"Ule wenye ugonjwa." Alijifuta macho kwa kitambaa. "Kakule, ule mufuko ilikuwa nakuambia ugonjwa iko wapi. Na wewe uliandika kama ni yeye njo alikosa."

Hakupandisha sauti. Nimekwisha kukemewa na wakubwa wengi, wengine kwa Kifaransa kirefu, na maneno yao yote nimeyasahau.

Kulikuwa na klishe moja nzima ambayo hatukuikata. Niliichukua bila kuomba ruhusa kwa mtu. Tulimlaza Kavira ubavu, mkono mmoja juu ya kichwa kama mtu anayejitupa majini, na ule mgonjwa tukaufunga bendeji kwenye kifundo ili uvutwe chini. Mtu wa kuvuta alihitajika. Nilimvalisha Mama Kanyere joho la risasi linalozuia miale, ambalo lilikuwa karibu na uzito wake, nikamwambia avute nikisema.

"Nitamuumiza?"

"Kidogo, mama."

"Vuta, mama," Kavira alisema. "Vuta, mimi nitanyamaza."

Alivuta, na machozi yalimtoka yeye, si mgonjwa.

Gizani niliiosha klishe ile, nikiyatafuta mabeseni kwa mikono kama siku ya kwanza. Nilipoitoa kwenye mwanga nilihesabu mpaka saba. Nyuma ya mfupa wa saba kulikuwa na kitu kilichoota kama uyoga ubavuni mwa gogo, shina lake kwenye mfupa, kichwa chake kimeingia ndani mahali pa kupita uti wa mgongo. Kilikuwa kinabana mshipa wa fahamu unaokwenda mkononi, na sasa kilikuwa kimeanza kubana ile kamba kubwa inayokwenda miguuni.

Daktari wetu aliitazama muda mrefu. Alisema si kansa, hautembei mwilini, ni mfupa ulioota juu ya mfupa. Wafaransa wanauita uvimbe mwema. Nilimtafsiria Mama Kanyere.

"Kama iko muzuri," akauliza, "juu ya nini inamulalisha mutoto wangu?"

Daktari alicheka kwanza, kisha akaacha. Akatueleza kwamba wema wake ni kwamba ukitolewa wote haurudi kwa kawaida. Ubaya wake ni mahali ulipoota. Yeye hakuwa amefanya kazi ya mahali pale. Aliyeweza alikuwa mpasuaji mmoja, Daktari Mbusa, katika hospitali upande wa Beni. Aliandika barua, kisha akauliza nani atakwenda na mgonjwa, kwa maana gari la wagonjwa lilikuwa limechukuliwa na wenye bunduki na hakuna aliyejua lilipo.

Nilisema nitakwenda. Hakuna aliyeniuliza sababu.

Tulingoja siku tisa mpaka lori la vitunguu lilipokubali kutubeba. Kola ya shingo tulitengeneza kwa katoni ya sabuni na pamba, tukaizungushia bendeji. Kavira tulimlaza juu ya magodoro mawili kati ya magunia, na Mama Kanyere akakaa kichwani pake, amekishika kwa viganja viwili kila lori lilipoingia shimo. Kwenye barabara ile mashimo yalikuwa mengi kuliko barabara. Mtoto alibaki kwa jirani.

Kwenye kizuizi kimoja askari alitushusha. Alinyang'anya bahasha yangu, akatoa klishe na kuiinua kwenye jua.

"Oyo nini?" aliuliza kwa Kilingala, kisha kwa Kiswahili: "Hii ni karte ya wapi?"

Nilimwambia si ramani, ni shingo ya yule mama kwenye lori. Hakuamini. Alipanda mwenyewe magunia, akaitazama kola, akaitazama klishe, akamwuliza Kavira, "Ni wewe huyu?"

"Ni mimi, baba. Uko naona ndani yangu yote."

Askari aliona haya. Alikuwa kijana, na nadhani alikuwa na dada. Alirudisha klishe ndani ya bahasha taratibu, akaniita kando. Nilifikiri sasa ndipo ataomba kitu. Alifungua shati akanionyesha kovu begani, akauliza kama mashine yangu inaweza kuona risasi iliyobaki ndani. Nilimwambia inaona vizuri sana. Nikamwambia aje Butembo, aulize Kakule wa radio.

"Nitakuya," alisema, akafungua kizuizi.

Nilimtazamia muda mrefu. Hakuja.

Daktari Mbusa alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alimpima Kavira kwa kalamu na kinyundo cha mpira, akamwagiza afinye vidole vyake viwili, akatazama klishe, kisha akaketi kitandani kabisa, jambo ambalo waganga wakuu hawakulifanya.

"Mama, nitakuambia kweli," alisema. "Naweza kuutoa. Lakini huo mufupa uko karibu sana na kamba ya fahamu. Mukono yangu ikiteleza, miguu haitarudi. Tukiuacha, miguu itaenda tu, kidogo kidogo."

Kavira alifikiri. "Docta, mutoto yangu iko najifunza kutembea," alisema. "Anatoka kwa ukuta, anakuya kwangu, na mimi siwezi kumushika. Fungua."

Lakini karatasi ya ruhusa ilitaka sahihi ya jamaa, na mume hakuwapo. Kaka yake mkubwa, Kasereka, alikuwa akiuza kakao Oicha. Walimwita kwa redio ya mawasiliano ya kanisa. Alifika kesho yake na pikipiki, amevaa koti, na kabla hajamsalimu dada yake alimwona Mama Kanyere kando ya kitanda.

"Huyu atoke," alisema. "Akiwa humu, mimi siandike kitu."

"Kasereka," Kavira akamwita.

"Atoke! Alikuua nusu, sasa anataka kumaliza?"

Mama Kanyere alisimama, akakunja mkeka wake. Hakujitetea. Hilo ndilo lililonisukuma, maana si tabia yangu kuingilia mambo ya familia za watu. Nilimwomba Kasereka aje nami dirishani kwa dakika mbili tu, halafu aamue. Alikuja kwa hasira, lakini alikuja.

"Weka kidole nyuma ya shingo yako," nilimwambia. "Chini, fasi shingo inakutana na mugongo. Unasikia kitu imetokea?"

"Ninasikia."

"Ule njo mufupa wa saba. Kila mutu yuko nao." Niliinua klishe. "Tuhesabu pamoja."

Tulihesabu kwa sauti, mimi na yeye, kama watoto wa shule. Kwenye wa saba nilimwonyesha kile kilichoota. Alisogea karibu mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye klishe.

"Sumu inaweza kuotesha mufupa?" aliuliza.

"Hapana."

"Haiwezi hata kidogo?"

"Mufupa wa namna hii unaanza utotoni, mutu akiwa bado anakomaa. Huu ulianza Kavira akiwa mutoto mudogo. Alikuwa anaishi kwa nani, wakati ule?"

Aliitazama tena klishe. Kavira alikuwa akiishi kwao, akila kwenye sahani moja na yeye. Kidole chake kilikuwa bado nyuma ya shingo. Aliushusha mkono, akarudi kitandani, akachukua kalamu kwa Daktari Mbusa na kuandika jina lake. Kisha akatoka nje akaketi juu ya pikipiki isiyowashwa. Mama Kanyere alikunjua mkeka.

Kazi ile ilichukua asubuhi nzima. Hospitali ilizima taa za wodi ili umeme wote uende kwa mpasuaji. Mfupa ulitoka vipande vipande, na vipande vyote vingeweza kuingia kwenye kichupa cha penisilini. Kavira alipoanza kuamka, Daktari Mbusa alisimama miguuni pa kitanda na kofia yake bado kichwani.

"Songeza vidole ya miguu, mama."

Hakuna kilichotokea.

"Kavira," Mama Kanyere alisema kwa Kinande, sauti ya kawaida, kama anayemwita jikoni. Akamwambia asogeze.

Kidole gumba cha kushoto kilisogea, kisha vingine. Halafu vya kulia. Mama Kanyere aliikamata miguu yote miwili kwa nguvu, kama mtu anayeshika kuku asitoroke, akaweka paji lake juu yake. Daktari Mbusa alitoka haraka akisema ana mgonjwa mwingine. Ratiba ya siku ile ninaijua. Hakuwa na mgonjwa mwingine.

Miguu ilirudi kwa miezi, si kwa siku. Kwanza alisimama akishika kitanda, kisha akishika watu, kisha fimbo. Mkono ulichelewa zaidi, na kidole kidogo cha kulia hakikunyooka mpaka leo. Mume alirudi barabara ya msituni ilipofunguliwa, amekonda, akamkuta mkewe akijifunza kufunga vifungo vya nguo.

Mimi nilirudi Butembo na klishe zote mbili, nikarudi kazini. Watu walinisifu kwa safari ile. Mkubwa wa hospitali alinitaja mbele ya wafanyakazi wote asubuhi ya sala. Nilisimama pale nikisifiwa, nikajua siwezi kuendelea kusifiwa hivyo.

Njia ya Vuhovi ilipotulia nilikwenda, nimebeba klishe ya kwanza ndani ya gazeti. Niliwakuta Kavira na Mama Kanyere mbele ya nyumba wakitoa maharage kwenye maganda. Walinisalimu kwa furaha iliyozidi kunifunga mdomo. Nilikataa kukaa. Nilitoa klishe nikaishika juu.

"Hii njo radio ya kwanza," nilisema. "Ile ya siku mufuko ilianguka. Hapa mufupa wa saba haupo. Nilijua haupo. Nilikuwa na haraka, nikauacha, na nikaandika hakuna kitu."

Kavira aliitazama klishe, kisha kidole chake kilichopinda.

"Mama," nilimwambia Mama Kanyere, "lile jiwe lilikupiga kwa sababu ya karatasi hii. Kama ningepiga muzuri, hakuna mutu angesema sumu. Ninakuomba musamaha."

Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya maharage.

"Miezi ine," alisema.

"Ndiyo, mama. Miezi ine."

Aliinuka akaingia ndani. Nilifikiri ndiyo jibu langu, nikaanza kukunja gazeti. Kumbe alikwenda kuleta kiti. Alikiweka karibu na Kavira, akapaza sauti kumwita mwanawe kutoka shambani.

"Ikala," aliniambia. "Sema tena, polepole. Na baba ya mutoto asikie."

Nilisema tena mbele ya mume, neno kwa neno. Ilikuwa ngumu kuliko mara ya kwanza. Mume alisikiliza, akauliza swali moja tu, kama siku ile klishe nzima ilikuwapo. Nilimwambia ilikuwapo. Aliinamisha kichwa akachukua ganda la maharage, akaanza kulifungua.

"Kasereka alikuya na mbuzi," Mama Kanyere alisema. "Yule mwingine, wa jiwe, hayakuya. Wewe umekuya na karatasi." Alikaribia kutabasamu. "Ile ingine, yenye kuonyesha mufupa, iko wapi?"

"Hospitali."

"Utaniletea ile. Kuko batu hapa bangali banaongea. Na hii yako, rudi nayo."

"Nitaitupa, mama."

"Hapana!" Kavira ndiye aliyesema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema kwa ukali. "Shingo ni yangu. Usitupe. Onyesha bale unafundisha kazi."

Kisha akanisogezea rundo la maharage, nami nikafungua maganda pamoja nao mpaka jua likageuka.

Klishe ya pili niliipeleka mwezi uliofuata. Ya kwanza niliibandika ukutani, kulia kwa mlango wa chumba cha giza, na ilihamishwa nasi tulipopata jengo jipya. Wote mmeihesabu juma lenu la kwanza. Wote mmefika tano na kipande, mkaniangalia, mkacheka, na wengi mmeniuliza ni nani fundi yule mbovu aliyeipiga. Nilikuwa nikiwaambia muendelee na kazi.

Ni mimi niliyeipiga.